Neno "Simama" ni la Kila Mtu



Safari hii nataka kuwaeleza habari za mashindano ya kulenga shabaha niliyoyaona Marekani, mashindano ya bunduki za kale ziitwazo gumegume. Najua wako watakaouliza: bunduki na chama cha wafanyakazi wapi na wapi? Hata mimi nilijiuliza hivyo. Lakini siku ile nilijifunza jambo moja ambalo lilikuwa likinikaa rohoni tangu utoto, na naamini linamhusu mchuma chai, mkata miwa, na kijana anayesimama mbele ya mashine usiku kucha. Basi nivumilieni, nianze mwanzo.

MWENYEJI WANGU

Mwezi wa tano mwaka 2019, sisi wanne kutoka nchi za Afrika Mashariki tulialikwa na chama cha wafanyakazi wenzetu katika jimbo la Pennsylvania, kwa mafunzo ya wiki mbili juu ya usalama kazini. Hatukuwekwa hotelini. Kila mmoja alipokewa nyumbani kwa mwanachama. Mwenyeji wangu alikuwa fundi wa kiwanda cha chuma, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye maneno machache. Aliniita "ndugu", maana huko nako wanachama huitana ndugu na dada kama sisi. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi tu, kwa hiyo mwenzetu kutoka Kenya, aliyekaa nyumba ya pili, ndiye aliyenitafsiria pale maneno yaliponishinda.

Jioni ya kwanza nilimkuta mezani na vikorokoro vingi: pembe ya ng'ombe, vipande vya kitambaa, mawe meusi madogo, na bunduki ndefu iliyonifika kifuani ikisimamishwa. Akaniambia kwamba Jumamosi ya wiki ya pili angeingia mashindano yake ya kwanza. Alikuwa amejitayarisha miezi mitatu. "Naogopa kuliko siku yangu ya kwanza kiwandani," alisema huku akicheka.

Pennsylvania ni mahali pake hasa. Katika karne ya 18 mafundi waliohamia huko kutoka Ujerumani na Uswisi, hasa katika sehemu za Lancaster, ndio waliotengeneza bunduki ndefu zenye mtutu uliochongwa mikunjo kwa ndani ili risasi izunguke na kwenda sawasawa. Tangu mwaka 1974 jimbo hilo limekuwa na msimu maalumu wa kuwinda paa kwa gumegume. Vilabu ni vingi vijijini. Wapenzi wa bunduki za kushindilia nchini humo wana chama chao cha taifa tangu 1933, chenye uwanja mkubwa Friendship, katika jimbo la Indiana. Na tangu 1971 iko kamati ya mataifa inayoendesha mashindano ya dunia. Katika shindano moja la gumegume za kijeshi mtu husimama mita 50 kutoka kwenye shabaha, hupewa nusu saa apige risasi 13, na zile 10 zilizo nzuri zaidi ndizo zinazohesabiwa.

Ndiyo kusema, si mchezo wa kupiga haraka haraka. Risasi 13 kwa nusu saa! Sehemu kubwa ya muda huo ni kusafisha, kupima, kushindilia na kukagua.

GUMEGUME NI BUNDUKI GANI

Wazee wetu waliijua. Kwanza ilikuwapo bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ikafuata gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe. Baadaye ikaja ya fataki. Zote hizo hushindiliwa kwa mdomoni, na hata leo bunduki ya namna hiyo tunaiita gobore.

Kazi yake ni hivi. Jiwe hubanwa katika taya la nyundo. Ukivuta kifyatulio, nyundo huanguka na jiwe hukwaruza kibati cha chuma cha pua kilichosimama mbele yake. Kibati hufunuka, cheche huanguka katika kifa, yaani kile kisahani kidogo chenye baruti laini. Baruti hiyo huwaka, moto wake hupenya tundu dogo ubavuni mwa mtutu, ndipo baruti ya ndani nayo iwake na kuisukuma risasi. Baruti yenyewe ni ile nyeusi ya zamani: katika kila mafungu 100, mafungu 75 ni shura, 15 ni makaa, 10 ni kiberiti.

Yafaa tujue pia kwa nini bunduki hii ilidumu sana kwetu. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi mkataba mjini Brussels. Walisema wanataka kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake wakazuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta mpaka nyuzi 22 kusini. Lakini gumegume zisizo na mikunjo mtutuni, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Wao wakabaki na bunduki mpya, Mwafrika akauziwa ya jiwe. Viwanda vya Liège huko Ubelgiji na Birmingham huko Uingereza vilitengeneza bunduki za bei rahisi kwa ajili ya biashara hiyo. Miaka 15 baadaye, vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, wenzetu wa kusini ya Tanganyika waliingia vitani na magobore, mikuki na mishale mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani.

MJOMBA

Mimi gobore nililijua kwa mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekaa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kagera. Nilikuwa na miaka kumi hivi, nimekwenda kwake wakati wa likizo. Alikuwa na gobore la fataki la kufukuza nguruwe waliokuwa wakimaliza mahindi. Mtutu wake ulikuwa bomba la maji.

Jioni moja alilishindilia, nami nikamshikia kopo la baruti. Nguruwe hawakuja usiku ule. Akaliweka nyuma ya mlango. Kesho yake mvua ilinyesha, na siku iliyofuata wageni walikuja. Siku ya nne, jua likizama, tukasikia mbwa wanabweka upande wa shamba. Mjomba akalichukua gobore, akamimina baruti na kuanza kushindilia upya.

Nilikuwa nimekaa karibu na moto. Nilijua kwamba mlikuwamo baruti na risasi tayari, maana niliona kwa macho yangu. Nikafungua mdomo, kisha nikaufunga. Kwetu mtoto hamfundishi mtu mzima kazi yake.

Gobore lilipasuka karibu na kitako. Mjomba alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto na jicho la kushoto. Majirani walipokuja kumpa pole, kila mmoja alisema neno lile lile: "Ajali haina kinga." Nami nilikaa pembeni nikijua kwamba ile ajali ilikuwa na kinga, na kinga hiyo ilikuwa mdomoni mwangu.

Ndugu, msemo huo tumeusikia mara ngapi viwandani? Mtu akikatwa mkono, ajali haina kinga. Gari la kubeba wachuma chai likipinduka, ajali haina kinga. Nyapara anausema, msimamizi anausema, na sisi wenyewe tunaupokea na kwenda kuzika.

MATAYARISHO

Kwa hiyo mwenyeji wangu alipotaka kunionyesha bunduki yake, sikutazama nakshi wala shaba. Nilimuuliza jambo moja: unajuaje kama imeshindiliwa au haikushindiliwa?

Alinitazama kidogo, halafu akachukua mdeki, ule mti wa kushindilia, akautia mtutuni mpaka ukagonga chini. Ulikuwa na alama mbili zilizochorwa kwa kisu. Ikiwa bunduki ni tupu, alama ya kwanza husimama sawasawa na mdomo wa mtutu. Ikiwa na baruti na risasi kwa kipimo chake, alama ya pili ndiyo husimama hapo. Ikiwa mdeki umetokeza juu zaidi ya hapo, kuna hatari: ama imeshindiliwa mara mbili, ama risasi imekwama kabla ya kufika chini ikaacha nafasi, na mtutu waweza kupasuka. Mstari mmoja wa kisu! Mjomba hakuwa nao, wala hakuna aliyemwambia.

Kila jioni baada ya semina tulikaa pamoja mezani, naye akanieleza matayarisho yake moja baada ya jingine.

Kwanza ni kipimo cha baruti. Hamimini kamwe kutoka kwenye pembe moja kwa moja mtutuni, kwa sababu cheche iliyobaki ndani yaweza kuwasha pembe nzima mkononi mwake. Humimina kwanza katika kipimo kidogo cha shaba, hufunga pembe, ndipo humimina mtutuni. Kwa bunduki yake, ambayo upana wa tundu lake ni milimita 12.7, alitumia gramu nne hivi. Alikuwa amejaribu kidogo kidogo kwa wiki nyingi, akiongeza na kupunguza, na kila mara akiandika daftarini risasi zimeangukia wapi. Baruti nyingi haileti shabaha nzuri. Aliyezidisha hupata teke la bega na moshi, basi.

Pili ni risasi na kitambaa. Risasi ni ya mviringo kama goroli, ndogo kidogo kuliko tundu la mtutu. Hufungiwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta ili ibane na kushika mikunjo ya ndani. Risasi zake huziyeyusha na kuzimimina mwenyewe katika kalibu. Kazi hiyo huifanya nje, penye upepo, kwa sababu mvuke na vumbi la madini ya risasi ni sumu inayoingia mwilini polepole. Hali chakula wala havuti sigara wakati huo, na akimaliza hunawa kwa sabuni. Tone moja la maji likianguka katika risasi iliyoyeyuka, huruka na kumchoma mtu usoni. Wenzetu wanaofungua betri za magari na kuyeyusha risasi yake mikono mitupu wasome mstari huu mara mbili.

Tatu ni jiwe. Makali yake lazima yakabili kibati cha chuma sawasawa, kutoka pembe mpaka pembe. Huvikwa kipande cha ngozi ili taya la nyundo lilibane vizuri bila kulivunja. Likiwa butu halitoi cheche za kutosha, basi hunolewa kwa kumeguliwa kidogo kidogo.

Nne ni usafi. Baruti nyeusi huacha masizi mengi, na masizi hayo hunyonya unyevu wa hewa. Kila baada ya risasi moja alipitisha kitambaa chenye unyevu mtutuni, kisha kikavu. Alipangusa jiwe, kibati na kifa. Alizibua lile tundu dogo la moto kwa sindano ya waya. Kama hakufanya hivyo, kifa kingewaka na bunduki isilie.

Tano ni mwili wake mwenyewe, na hapo ndipo alipopata taabu kuliko pote. Gumegume hailii mara tu unapofyatua. Kuna mlio wa jiwe, kuna mwako mbele ya jicho lako, ndipo mshindo. Muda wenyewe ni mfupi, lakini unamtosha mtu kushtuka na kusogeza mtutu. Dawa yake ni kuzoea. Aliondoa jiwe, akabana kipande cha mti kilichochongwa kwa umbo lile lile, na kila usiku alifyatua bunduki tupu mara 20 akilenga doa ukutani, akibaki ametulia mpaka ahesabu tatu. Mimi nilikaa nyuma yake nikimwambia, "Umetikisika," au "Safari hii hukutikisika."

Mwisho kabisa, ndani ya kifuniko cha sanduku lake alibandika karatasi yenye hatua zote kwa utaratibu, ya kwanza ikiwa: TIA MDEKI, TAZAMA ALAMA. Nilimuuliza kama mtu wa umri wake anahitaji kusomewa kama mtoto wa shule. Akasema kwamba kiwandani kwao, kabla fundi hajaingiza mkono ndani ya mashine, huzima umeme na kuufunga kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Hata akiwa amefanya kazi hiyo miaka 30, hufuata hatua zile zile. "Wanaokufa si wageni tu," alisema. "Wanakufa pia waliozoea."

JIWE NA WALIOLICHONGA

Nilipokuwa nikiyashika yale mawe meusi nilimuuliza yanatoka wapi. Akasema Uingereza, mahali paitwapo Brandon, katika wilaya ya Suffolk. Habari za watu wa Brandon zinafaa kujulikana na kila mfanyakazi.

Mji huo uliishi kwa jiwe la gumegume. Wachimbaji walishuka mashimo membamba katika ardhi ya chokaa, wakifanya kazi kwa mwanga wa mshumaa. Wachongaji walikaa katika vibanda, jiwe likiwa gotini juu ya ngozi nene, wakipasua na kumegua siku nzima. Wakati wa vita vya Napoleon, jeshi la Uingereza lilipigana kwa mawe yao. Jeshi lilipohamia kwenye fataki katikati ya karne ya 19, soko lililowabakiza wachongaji hao kwa sehemu kubwa lilikuwa Afrika, kwa zile gumegume za biashara nilizozitaja juu.

Lakini vumbi la jiwe hilo ni kali kama kioo kilichosagwa. Liliingia mapafuni na kukaa humo. Wachongaji wengi walikufa kwa kifua kabla ya uzee. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaguzi wa viwanda wa Uingereza walieleza wazi kwamba ugonjwa uliowaua watu hao ulitokana na kazi yao. Hata huko Meusnes, Ufaransa, palipochongwa mawe ya rangi ya asali kwa ajili ya jeshi la Ufaransa, mambo yalikuwa hayo hayo.

Ugonjwa wenyewe unajulikana kwa jina la silikosisi. Mwaka 1918 Uingereza ilipitisha sheria ya kulipa fidia kwa baadhi ya wafanyakazi waliougua, na mwaka 1934 Shirika la Kazi la Kimataifa liliuweka katika mkataba wake wa fidia ya magonjwa ya kazi. Wachimba migodi, wavunja kokoto na wakata mawe wa kwetu wanaugua ugonjwa huo huo hata leo. Mtu akinunua jiwe moja kwa ajili ya mchezo wa Jumamosi, haoni mapafu ya aliyelichonga. Sisi tunapaswa kuyaona.

SIKU YENYEWE

Jumamosi tulifika uwanjani alfajiri. Palikuwa na washindani 14, wanaume kwa wanawake, na mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 16 aliyekuja na babu yake. Mwenyeji wangu hakunywa hata chai.

Kabla ya risasi ya kwanza msimamizi wa uwanja aliwakusanya wote na kusoma sheria. Baruti hukaa meza ya nyuma, pembe zote zimefungwa. Hakuna moto wala sigara karibu. Kila mtu avae miwani ya kukinga macho na aweke vizibo masikioni. Baruti ya kifa haitiwi mpaka mtu awe amesimama kwenye mstari na mtutu unatazama shabaha. Asisimame mtu upande wa kulia wa mpigaji, maana moto hutoka kwa nguvu katika lile tundu la ubavuni. Bunduki isipolia, iendelee kuelekezwa kwenye shabaha dakika nzima, kwa sababu yaweza kulia kwa kuchelewa.

Halafu akasema sheria ya mwisho, nami nikamwomba mwenzangu anitafsirie mara mbili nisije nikakosea. Alisema: "Mimi ndiye msimamizi, mimi ndiye ninayeamuru kuanza. Lakini neno la kusimamisha si langu peke yangu. Mtu yeyote hapa, mshindani au mtazamaji, mzee au mtoto, akiona hatari apaze sauti aseme 'Simama', na wote watasimama. Hatutamwuliza kwanza yeye ni nani."

Nilimkumbuka yule mtoto karibu na moto.

Wakaanza. Kila mmoja alikuwa na risasi 5 za mita 23 hivi, na nyingine 5 za mita 46 hivi. Mwenyeji wangu alilenga, akafyatua, kifa kikawaka, na bunduki ikanyamaza. Watu walisikia, nami niliona shingo yake inageuka nyekundu. Lakini hakuishusha. Alisimama hivyo dakika nzima akiielekeza mbele. Kisha akazibua tundu kwa sindano, akatia baruti upya, akapiga. Ilipita nje ya duara. Ya pili iliingia. Ya tatu ikaingia karibu na katikati.

Alipokuwa akipangusa mtutu, alimtazama jirani yake kushoto. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, bingwa wa siku nyingi, mwenye kofia iliyojaa nishani za mashindano. Mzee alikuwa akizungumza na rafiki yake huku akishindilia, na mdeki wake ulibaki umetokeza nje kiasi cha kiganja.

Mwenyeji wangu aliduwaa kidogo. Nilikuwa nyuma ya kamba nikimwona. Mgeni kuliko wote, tena ameaibika mbele za watu, amwambie nini bingwa? Nilijua kinachopita moyoni mwake kama ninavyojua jina langu.

Akasema "Simama!" kwa sauti kubwa.

Mstari wote ulisimama. Bunduki zikaelekezwa mbele, hakuna aliyegusa kifyatulio. Msimamizi akaja, akauliza, akautazama mdeki wa mzee. Haikuwa kitu. Mzee alitumia mdeki mrefu kuliko wa kawaida, na alama yake ilikuwa pale pale inapotakiwa kuwa. Bunduki ilikuwa imeshindiliwa mara moja tu.

Mwenyeji wangu alitaka kuomba radhi. Msimamizi akamkatiza, akasema kwa sauti ya wote kusikia: "Uliona jambo ukadhani ni hatari, ukasema. Ukiona tena, sema tena." Yule mzee akamwita amwonyeshe alama yake, akampa mkono. Muda uliopotea ukaongezwa kwa wote. Haikuzidi dakika tano.

Katika pointi 100 mwenyeji wangu alipata 61, akawa wa 11 kati ya 14. Yule msichana alimshinda. Mwishoni kila mshindani alikwenda kwa zamu kwenye meza ya zawadi kuchagua kitu kimoja. Ilipofika zamu yake yalibaki machache, naye akachukua kifurushi cha mawe ya gumegume. Njiani kurudi nyumbani alikuwa akiimba.

TUNAWEZA KUFANYA NINI

Sikuandika haya ili mtu akatafute bomba atengeneze gobore. Kwetu kumiliki bunduki bila kibali ni kosa, na mjomba wangu ni ushahidi wa hasara yake. Nimeandika kwa sababu ya ile dakika tano.

Kiwandani kwetu kijana wa mwezi mmoja anaona mkanda wa mashine umelegea, au kinga ya gia imeondolewa ili kazi iende haraka. Anafungua mdomo, kisha anaufunga. Anaogopa nyapara, anaogopa kuchekwa kama amekosea, anaogopa kukatwa mshahara wa dakika zilizosimama. Ndipo mkono unakwenda, nasi tunasema ajali haina kinga.

Haki hii si ndoto. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu nzuri ya kuamini kwamba iko hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asipatwe na madhara yasiyo ya haki. Angalieni maneno hayo: sababu nzuri ya kuamini. Haukusema lazima awe sahihi. Na mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo.

Kwa hiyo nawaomba wawakilishi wa kila tawi, mtakapokaa na mwajiri, mpeleke madai haya manne.

Moja, iandikwe katika mapatano kwamba mfanyakazi yeyote anaweza kusimamisha kazi akiona hatari, na kwamba anayesimamisha kwa nia njema haadhibiwi hata kama alikosea.

Mbili, mfanyakazi mpya aelezwe haki hiyo siku ya kwanza kabla hajashika chombo, kwa lugha anayoifahamu, na vibarua wasiachwe nje.

Tatu, kila mashine iwe na alama yake kama ule mdeki: alama inayoonekana na kila mtu, hata asiyejua kusoma, kwamba hapa ni salama na hapa si salama.

Nne, fundi anayetengeneza mashine apewe kufuli lake na ufunguo wake mwenyewe.

Nasi tuna kazi yetu wenyewe, ambayo mwajiri hatatufanyia. Mzee wa kazi akisimamishwa na kijana, asikasirike. Amwonyeshe alama, ampe mkono, kazi iendelee.

Niliporudi nilikwenda kumwona mjomba. Ni mzee sasa. Kwa mara ya kwanza nilimwambia kwamba usiku ule nilijua gobore lilikuwa limeshindiliwa tayari, na sikusema. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Ungesema, ningekupiga kofi. Lakini leo ningekuwa na macho mawili."

Umoja ni nguvu.